Sauti Iliyokuita Kisimani

Ng'ambo, Tabora
Jumapili alasiri

Mwanangu Tatu,

Salamu tumekwisha kupeana tangu asubuhi na afya yangu unaiona mwenyewe, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Umekwenda Gongoni kumuaga mama yako mdogo, na kwa ninavyomjua hatakuachilia mpaka umekula mara mbili. Basi nina nafasi. Nimekaa uani na kalamu ninayofundishia kisomo cha watu wazima. Baba yako yuko barazani anagonga mabati ya majiko yake, na kelele zile zinanifaa, maana hata nikilia hatasikia. Mambo ya sabuni na shuka na viazi vikavu vya matobolwa vya njiani nimekwisha kuyapanga, sitayaandika hapa. Naandika kwa sababu juzi uliniuliza swali, nami nikakufokea.

Ulirudi kutoka kisimani na ndoo nusu. Ukasema, "Mama, nimesikia mtu ananiita kwa jina. Nimegeuka, hakuna mtu." Kisha ukaingia ndani, ukatoa nguo zote sandukuni, ukasema huendi tena chuo cha ualimu. Kama akili zitakuruka kama zilivyomruka baba, bora zikuruke hapa Ng'ambo kwa watu wanaokujua kuliko Morogoro mbele ya wageni. "Itanipata na mimi, Mama? Niambie kweli." Na mimi mama mzima nikajibu nini? "Acha upuuzi, ndoo haijajaa." Jibu gani lile! Hata mbuzi angenishangaa.

Treni ni kesho na sanduku bado tupu. Nataka uende, Tatu. Nataka mpaka kifua kinaniuma. Lakini sitakudanganya ili uende, kwa sababu utakuja kujua tu, na siku hiyo nitakuwa mbali. Kwa hiyo nitakuandikia ninachokijua, na nisichokijua nitasema sikijui.

Nianze na sauti yako.

Unakumbuka wakati ule nilipokuwa nikipanda lori alfajiri na kurudi Ijumaa na vumbi mpaka kwenye nyusi? Wewe ulidhani nimekwenda kufundisha kisomo vijijini. Sikufundisha chochote. Alikuja daktari kutoka Dar es Salaam, mwanamke mwembamba, mpole wa maneno, akitafuta wanawake wanaojua kuandika, wenye Kinyamwezi cha nyumbani na Kiswahili cha mjini. Watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, wengine kwa kupenda na wengine kwa kupakiwa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Yeye alitaka kujua: huko walikohamia wanakula nini? Wanalala? Pombe imezidi au imepungua? Nani anavuta tumbaku, nani akili zimetibuka, na tukirudi baada ya muda, nani yuko hai na nani amezikwa? Sisi tuliochukuliwa tukaitwa wadadisi. Weee! Mimi tangu utoto nilikuwa nachapwa kwa udadisi, leo napandishwa lori na kupewa na mshahara juu. Sijawahi kufurahia kazi kama ile.

Daktari alitufundisha jambo moja ambalo sijalisahau. "Msiulize kama nyumba ina mwendawazimu," alisema. "Mtafungiwa mlango. Ulizeni habari za kila mtu aliyelala humu jana, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho." Na kwa kila mmoja kulikuwa na maswali. Moja lilikuwa hili: umewahi kusikia unaitwa, na usione mtu?

Mzee wa kwanza niliyemuuliza alinitazama kama nimemuuliza kama amewahi kupiga chafya. "Nani hajawahi?" akasema. Nyumba ya pili, ndiyo. Ya tatu, mama na binti zake wote, ndiyo, tena wakaanza kubishana nani alisikia kwanza. Katibu wa kijiji, mtu wa makaratasi na kofia, akachungulia nje kwanza, kisha akasema ndiyo, bibi yake marehemu humwita anapokuwa amechoka. Jioni Daktari alitukusanya, akapitia majibu yetu, akavua miwani. "Jamani," akasema, "kijiji kizima?" Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka. Mdadisi mmoja akamweleza kuwa huku mtoto hufundishwa tangu mdogo, ukiitwa gizani mara moja usiitike, ngoja waite tena. Watu wanasikia, ndiyo maana kuna adabu ya kusikia.

Lakini Daktari hakucheka sana. Alikaa akafikiri, na asubuhi akatupa maswali ya kuongeza. Ikikuita, inakuambia nini zaidi ya jina? Inarudi? Inakukataza kula, kulala, kwenda shamba? Unawaogopa watu wako kwa sababu yake? Hapo ndipo wale wengi wakasema hapana, hapana, hapana, huku wanapepeta karanga zao. Wachache sana wakanyamaza na kutazama chini.

Basi na wewe nakuuliza, hapa kwenye karatasi, kwa kuwa juzi sikukuuliza. Ilikuambia nini baada ya jina lako? Ilirudi? Kula unakula, hilo sihitaji kuuliza, jana bakuli la mlenda ulilikomba mpaka nikahofia udongo wake. Kulala hujalala vizuri wiki nzima, nakusikia unavyogeuka. Msichana anayeondoka kwao kwa mara ya kwanza, hajalala, amesimama kisimani peke yake, akasikia jina lake. Nimewasikia wengi kama wewe, na wengi niliwakuta tena wazima na watoto mgongoni. Sisemi wote. Nasema wengi.

Sasa baba yako. Kwake haikuwa hivyo, na ni haki yako kujua ilikuwaje, maana nilikuficha.

Unajua baba yako ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, na unajua kwamba sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita kwao. Umekua ndani yake kwa hiyo hukuushangaa utani huu. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, kukuita mtumwa wake, kukunyang'anya nyama mkononi, kuja msibani kwenu kumwigiza marehemu, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Baba yako alipokuja Tabora kufanya kazi karakana ya reli na kunioa, mtaa ulifurahi. Tumepata Mzaramo wetu wa kumchokoza! Na yeye alikuwa hodari, ulimi wake ulikuwa haupoi.

Siku moja akasimama mbele ya cherehani ya kaka yangu, mjomba wako Kasimu, akasema, "Nyinyi Wanyamwezi mmenitilia sumu. Reli imeniambia."

Kasimu hata hakuinua uso. "Sumu imetuishia, shemeji. Tumeagiza Kigoma, vuta subira."

Watu barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Baba yako naye akacheka. Nilikuwepo, nilikuwa napimwa gauni, na mimi nilicheka kuliko wote.

Kesho yake akarudi na neno la sumu, na keshokutwa. Nyumbani akaanza kukataa chakula changu. "Huyu mchawi wa Kinyamwezi ataniua," akawa anasema, na mimi namjibu, "Lete basi nile mimi ninenepe." Tulikuwa tunachekeshana, Tatu, na mtu anakonda. Akisema reli inamwita, tunamjibu ikikuita nenda, utuachie mke. Angekuwa ameoa kwa watu wasio watani wake, wangeshtuka siku ya kwanza. Kwetu sisi kila neno la ugonjwa wake lilipata mahali pa kukaa, likakaa vizuri, likachekewa. Mwezi hadi mwezi.

Tulishtuka alipopotea. Alikuwa ameshika reli kwa miguu kuelekea mashariki, kurudi kwao pwani, kule kule misafara ilikopita. Watu wa reli walimkuta karibu na Goweko, midomo imepasuka kwa kiu, wakamrudisha kwenye bogi la mizigo. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nilikuambia baba alikuwa safarini, na nadhani kwa namna yake ilikuwa kweli.

Hospitali wakampa sindano na vidonge, na sauti zikapungua. Hazikwisha. Mikono yake inayotetemeka ni dawa ile, si uzee, wala si pombe kama wanavyosema majirani. Kazi ya reli ikaisha, akaanza majiko. Na mtaa uliokuwa ukimtania ukaacha. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko sindano. Walianza kumpa heshima! Kasimu akawa anamwambia "shikamoo shemeji", kaka yangu yule, kwa mtani wake, tena umri mmoja. Baba yako aliniuliza kwa nini watu wanamsalimia kama maiti.

Mwaka uliofuata ndipo nilipokwenda kwenye udadisi, na sasa nitakuambia kwa nini nilikwenda kwa pupa namna ile. Haikuwa mshahara. Nilitaka kuchungulia nyumba za watu wengine nione kama na wao wana mtu kama wangu. Nilidhani tuko peke yetu.

Hatukuwa peke yetu. Mwenzangu, nyumba za watu! Kwenye kijiji kimoja njia ya Isikizya nilimkuta bibi mmoja na mwanawe wa kiume, mtu mzima, jina lake Masanja. Nilipofika kwenye maswali yale, bibi akasema bila hata kushusha sauti, "Huyu anazungumza na wasioonekana, tangu ujana wake. Tumempa kazi ya kuamia ndege shambani. Anaongea kutwa nzima, ndege hawajui haongei nao, wanakimbia." Masanja mwenyewe akacheka. Alikula nasi ugali sahani moja, akanilalamikia ngedere, kwamba wao hawamwogopi.

Mbele kidogo, nyumba nzuri zaidi, ya bati, watu wasafi. Nikaandika kila mtu. "Kuna mwingine aliyelala hapa jana?" Hakuna. Wakati huo huo nasikia mtu anakohoa kwenye kibanda cha nyuma, mlango umefungwa kwa nje. Nikauliza, "Na huyo anayekohoa?" Mwenye nyumba akasema, "Huyo si wa kuandikwa." Ndugu yake wa tumbo moja. Nilimwandika.

Baada ya masika mawili tulirudi nyumba zile zile. Masanja alikuwepo, amenenepa, bado ana ugomvi na ngedere. Wa kibandani alikuwa amezikwa. "Alikufa kwa wazimu wake," ndugu yake akasema. Unanijua nilivyo, siwezi kuacha. Nikauliza, wazimu ulimshika wapi mpaka akafa? Taratibu, kidogo kidogo, ikatoka: alikohoa kiangazi kizima, mwishoni damu. Alikuwa akilia kwamba kifua kinaungua. "Tulidhani ni maneno yake tu," akasema yule ndugu, na nikamwona uso wake unabadilika wakati akiyasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimpelekea chakula kila siku.

Sikumlaumu, na nitakuambia kwa nini. Baba yako wakati huo alikuwa na muda mrefu akisema kuna msumari wa reli umepigiliwa kwenye taya lake. Mimi nilikuwa nikisema ndiyo, ndiyo, meza kidonge ulale. Ijumaa ile niliposhuka kwenye lori sikwenda hata kunawa. Nikamwambia, "Fungua mdomo." Akafungua. Jino la nyuma lilikuwa limeoza mpaka fizi imejaa usaha, harufu yake nikarudi nyuma. Miezi yote ile! Amelala ubavuni kwangu! Jumatatu likang'olewa, akalala kutwa, akaamka akasema, "Msumari umetoka, Mama Tatu," akadai ugali. Nililia jikoni, nikajifuta, nikaupika.

Nilipomsimulia Daktari, aliniambia kuwa nyumba nyingi anaona hivyo hivyo: mtu akishaitwa mwendawazimu, mwili wake hauaminiwi tena. Akiumwa tumbo ni wazimu, akiumwa kichwa ni wazimu. Alisema ndiyo sababu anahesabu watu na kurudi, kwa kuwa ukikaa nyumba moja hulioni jambo hili. Kwenye nyumba moja unaona bahati mbaya tu.

Basi siku hiyo nikajikaza nikamuuliza swali lako. Ndiyo, Tatu. Nililiuliza kabla yako, wewe ukiwa bado unaruka kamba. Tulikuwa tunamenya mihogo uani pale tulipofikia. Nikamwambia, "Daktari, ninaye mtoto mmoja, wa kike. Ugonjwa wa baba yake utampata?"

Akaweka kisu chini. Akasema, "Ziko nyumba ugonjwa unarudi kwa mtoto. Ziko nyingi zaidi haurudi. Mwenye mzazi mgonjwa ana hatari kuliko asiye naye, sitakuficha. Lakini hesabu yangu inakijua kijiji, Mama Tatu. Haimjui mwanao."

Nilinuna! Nilinuna mpaka tukalala. Mwanamke amesoma mpaka ng'ambo ya bahari, ananijibu sijui? Nilikuwa tayari kusikia ndiyo, na nilikuwa nimeomba sana nisikie hapana, lakini hilo la katikati sikuwa nimejiandaa nalo. Nimeishi nalo tangu siku ile. Kila ulipokuwa na homa nilikuchungulia macho. Ulipokuwa ukicheka peke yako kwa kusoma vitabu, nilisimama mlangoni nikasikiliza. Ndiyo maana juzi nilikufokea. Hukuniuliza jambo jipya, ulinigusa nilipokuwa nimejishika miaka yote.

Kwa hiyo jibu langu ni lile lile la Daktari, sina lingine. Sijui. Labda ugonjwa hautakuja kamwe, na mimi naegemea huko, kwa ninavyokuona na kwa nyumba nilizozipita. Labda utakuja. Ila jambo moja najua kwa macho yangu, na hilo hakuna anayeweza kuniambia vingine: yule wa kibandani na Masanja walikuwa na ugonjwa unaofanana. Waliokuwa tofauti ni watu wao. Na kukaa kwako Ng'ambo hakuzuii kitu. Baba yako alikuwa katikati ya watu wanaomjua na kumpenda, na ndio tuliochelewa.

Nilikuwa nimefika hapa nikaacha kalamu. Nikaona si haki kuandika habari za mtu anayegonga bati hatua chache kutoka nilipo bila kumuuliza. Nikaenda barazani. Nikamwambia yote, la kisimani, la sanduku, swali lako. Nilidhani atahuzunika. Akaweka nyundo chini.

Akasema, "Mwambie mimi nilisema siku ya kwanza. Pale kwa Kasimu. Nilikuwa naogopa, nikasema, mkacheka. Na mimi nikacheka, nikaona labda ni utani kweli."

Nikamwambia nisamehe. Akanikatiza, "Toka hapa, na mimi ningecheka." Kisha akasema, na naandika kama alivyosema, "Mwambie aende. Huko aendako awe na mtu mmoja asiye mtani wake. Mmoja tu anatosha. Likimwingia lolote, amwambie huyo, siku hiyo hiyo."

Akaokota nyundo yake. Nikarudi uani, nikashika kalamu tena.

Nenda, Tatu. Nenda na hiyo "sijui" yako, na mimi nabaki na yangu. Kasome, kafundishe watoto wa watu, penda mtu ukipenda. Huko Morogoro itakuchukua muda kumpata mtu wa namna anayosema baba yako, hawapatikani haraka. Mpaka umpate, mtu huyo ni mimi. Ukisikia tena unaitwa, niandikie ilikuita vipi. Ukiogopa chakula cha mwenzako, niandikie. Ukiumwa jino, niandikie hilo pia. Na ikiwa ugonjwa wenyewe ndio umekuja, niandikie neno moja tu, njoo, na mimi nitapanda chochote kinachoelekea huko, hata bogi la ng'ombe.

Sitacheka, mwanangu. Wewe sema tu.

Mama yako